Uliza Fundi: Boksi la spana la mzee, tulipake rangi au tuliache na mabaka yake?

Mwezi huu maswali ya maboksi ya chuma yamekuwa mengi, nimechagua manne, na la kwanza nimelijibu kwa urefu maana lina mambo ambayo wengi mnayo ndani kwenu na hamjayaangalia vizuri.

SWALI: Habari fundi. Baba yetu alikuwa fundi wa reli hapa Tanga mpaka anastaafu, alifariki mwaka juzi, na kwenye vitu vyake tumekuta boksi lake la spana, lile la chuma ambalo ukilifungua trei zinapanda na kutanuka huku na huku. Juu ya kifuniko zimegongwa herufi EAR&H na namba. Rangi ilikuwa kijani sasa yamebaki mabaka, chini kutu imekaa na mkono mmoja wa trei ribiti yake imekatika. Kaka yangu anataka tulipeleke kwa mtu wa bodi na rangi alipige grenda lote apulize nyekundu ling'ae, shemeji anasema wapewe watu wa vyuma chakavu yaishe. Mimi roho inakataa yote mawili. Tufanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Poleni sana na mzee, na asante kwa kuuliza mapema, maana grenda ikishapita hapo hakuna fundi wa kurudisha kilichotoka.

La shemeji nalimaliza haraka. Chuma chakavu kinapimwa kwa kilo, na boksi la bati hata likiwa na trei zote ni kilo chache tu, mtapewa hela ya kununua vocha alafu jioni yake limeshapondwa. Hapana.

La kaka ndo la kukaa nalo. Anza na hizo herufi. EAR&H ni East African Railways and Harbours, shirika lililoundwa mwaka 1948 pale reli ya Tanganyika ilipounganishwa na ile ya Kenya na Uganda, reli na bandari zote zikawa chini ya mwamvuli mmoja. Mwaka 1969 bandari zikatengwa zikawa na shirika lake na reli na lake, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 kila nchi ikabaki na reli yake, huku kwetu ndo likaja TRC, Shirika la Reli Tanzania. Kwa hiyo boksi lenye hiyo H ya bandari kwa kawaida liligongwa mhuri kati ya 1948 na 1969. Na kama kuna msomaji ana kifaa kimeandikwa KUR&H, hicho ni cha kabla ya 1948, cha upande wa Kenya na Uganda. Sasa piga hesabu, boksi la baba lina zaidi ya nusu karne, na huenda lilishapita mikononi mwa fundi mwingine kabla yake, kwenye mji ambao ndo reli ya kwanza ya Tanganyika ilianzia mwaka 1893. Ile namba inaweza kuwa ya stoo au ya mfanyakazi mwenyewe, hiyo waulizeni wazee aliofanya nao kazi waliobaki, na msisubiri, nendeni wiki hii hii.

Bati la maboksi haya ni jembamba, linacheza kwenye milimita moja hivi, na herufi zilizogongwa zimeingia ndani kidogo tu. Grenda ikipita juu yake inakula kingo za herufi, akija wa rangi akaona bado pana mabonde anajaza fila, anapiga msasa, anapuliza, na hapo EAR&H imekwisha. Mtabaki na boksi jekundu ambalo lingeweza kuwa la mtu yeyote. Kaka anaona analiheshimu boksi la mzee na nia yake nzuri kabisa, ila heshima ya boksi hili imo kwenye vile vitu anavyotaka kuvitoa, zile sehemu za mpini rangi ilipoisha kwa kushikwa, mikwaruzo ya spana kwenye trei, hata grisi iliyoganda kwenye kona. Mwambieni akitaka boksi jekundu jipya mafundi wa Gerezani pale Dar wanamkunjia zuri tu kwa vipimo anavyotaka.

Kabla hamjaosha chochote zimeni taa, chukueni tochi muimulike boksi kwa ubavu, mwanga ulale juu ya bati. Mafundi wa zamani wengi walijiandikia majina kwa brashi au kwa kukwaruza na msumari, na mwanga wa ubavu unatoa maandishi ambayo mchana huyaoni. Pigeni picha pande zote, na pigeni picha trei na vitu vikiwa mlemle alivyovipanga.

Alafu ligeuzeni. Uamuzi wote wa kulikarabati au la unatoka chini, sio juu, watu wanaangalia kifuniko kwa kuwa ndo kinaonekana wakati kinachooza ni sakafu na ile mikunjo ya pembeni bati linapolaliana. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ikiingia kwenye mkunjo inavimba na kuutanua toka ndani, pitisha kidole kwenye mkunjo ukikuta umevimba ujue kuna kazi. Chukua bisibisi bapa ubonyeze sakafu kila sehemu kwa nguvu ya kawaida. Ikirudisha mlio mkavu na haibonyei, kutu iko usoni tu. Ukikuta vishimo vishimo ila haipenyi, bado boksi zima. Bisibisi ikipenya hapo ndo tunaongelea kiraka, na hata kiraka hakilazimishi kulivua rangi boksi zima.

Kwa mlivyonielezea naona lenu ni la kusafisha na kulinda, basi. Grisi ya zamani itoeni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nje, mbali na moto, alafu osheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, kausheni palepale kwa kitambaa na jua. Palipo na kutu tu, sio penye rangi, wekeni mafuta mepesi ya mashine mkasugue taratibu kwa stilwaya laini kabisa, mnafuta, mnaweka tena, mnasugua, mpaka kitambaa kisitoke na rangi ya kahawia. Mtaona kutu ile nyekundu ya unga inatoka na chini yake inabaki rangi nyeusi ngumu. Hiyo nyeusi iacheni, haina haraka ya kula chuma na inapendeza.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri hasa kama kuna watoto nyumbani. Rangi nyingi za mafuta za miaka ile zilikuwa na madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inaharibu ubongo. Leo Umoja wa Mataifa unashauri risasi kwenye rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni, rangi za zamani zingine zilikuwa nayo maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo rangi ya zamani haipigwi msasa mkavu, haipigwi grenda, haichomwi kwa moto. Kama kuna magamba yanatoka yenyewe yaondoeni yakiwa yamelowa, mkusanye kwenye gazeti mfunge kwenye mfuko mtupe, vaeni barakoa na glavu, nguo za kazi zifuliwe peke yake na mikono ioshwe kabla ya kugusa chakula. Nikiwa na sababu moja tu ya kuwakataza grenda ni hii, hata herufi zingekuwa hazipo.

Ribiti iliyokatika msiipeleke kwa mchomeleaji. Ule mkono wa trei unatakiwa uzunguke, ukichomelewa unaganda, mtu akija kulazimisha kufungua anang'oa na upande wa pili. Mabaki ya ribiti yatoeni kwa drili taratibu, wekeni ribiti ya chuma ya kugonga yenye unene uleule wa tundu, na kati ya mkono na trei chomekeni kipande cha karatasi ngumu, ile ya boksi la viatu inatosha, alafu ndo mgonge kichwa cha pili. Mkimaliza mnaichana karatasi na kuivuta nje, inabaki nafasi ndogo ya kutosha trei kupanda na kushuka bila kukwama wala kulegea. Ribiti za aluminiamu zinazofungwa kwa bunduki ya ribiti ni rahisi ila kwenye sehemu inayocheza zinalika haraka, mkikosa za chuma bora bolti ndogo na nati isiyojifungua, mkiiacha imelegea kidogo tu.

Sakafu kwa ndani na kwa nje chini, ambako hakuna herufi wala mtu haangalii, hapo ndo wekeni redoksaidi, ile praima ya kuzuia kutu, mikono miwili myembamba baada ya kutoa kutu. Juu pote pengine pakeni nta, hata ile ya kung'arishia gari ila isiwe na unga wa kukwangua, au mafuta mepesi, mfute mpaka mkono ukipita usiteleze. Kama ndani kulikuwa na kipande cha zulia au gunia, kitoeni moja kwa moja, watu wanaweka ili spana zisipige kelele lakini kinanyonya unyevu na kinaukalisha juu ya bati mchana na usiku, na kwa hewa ya Tanga yenye chumvi hapo ndo sakafu huanza kuoza. Na lisikae juu ya saruji, wekeni vipande viwili vya mbao chini yake hewa ipite.

Spana za mzee zitumieni jamani. Boksi linalofunguliwa kila wiki linapata mafuta na hewa, lile linalofungiwa stoo kama kumbukumbu ndo mnakuja kulikuta limetoboka.

SWALI: Sasa fundi, mambo. Niko Nairobi, nilichukua tulboksi ya zamani soko la Gikomba, haina maandishi yoyote, rangi imeisha karibu yote na kutu imeshika kila mahali. Nimeona watu wanatumbukiza vyuma kwenye maji na kuunganisha chaja ya betri ya gari na kutu inatoka yenyewe. Hii kitu inafanya kazi ama ni uongo? Na si nitapigwa na stima?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Inafanya kazi kabisa, na kwa boksi kama lako ambalo rangi si ya kuokoa ndo njia ninayoipenda kuliko zote, maana haigusi chuma kizima, inashughulika na kutu peke yake, hata ndani ya mikunjo ambako brashi haifiki.

Tafuta pipa au beseni kubwa la plastiki, sio la chuma. Maji, na kwenye kila lita kijiko kimoja cha mezani cha magadi soda ya kufulia. Ile magadi ya mawe inayochimbwa Ziwa Magadi pale Kajiado nayo inafaa, isage tu na uichuje uchafu. Chukua vipande vya nondo uvisimamishe kuzunguka beseni pembeni uviunganishe kwa waya, hivyo ndo vitaliwa badala ya boksi lako. Boksi liwe katikati limening'inia bila kugusa nondo hata moja. Waya mwekundu wa chaja, ule wa chanya, unaenda kwenye nondo, mweusi unaenda kwenye boksi, sehemu uliyokwangua ikawa chuma kitupu. Ukikosea ukageuza hizo waya boksi ndo litaliwa, kwa hiyo angalia mara mbili kabla ya kuwasha. Chaja iwe ile ya zamani ya kawaida ya volti 12, zile za kisasa zenye kompyuta ndani nyingi hazikubali kuwaka kama hazijaona betri.

Ukiwasha utaona vipovu vinapanda kutoka kwenye boksi na maji yanageuka kahawia na povu chafu juu. Acha masaa kadhaa au usiku kucha kama kutu ni nene. Nondo zikishafunikwa na tope zima, zitoe uzikwangue, rudisha. Upande unaoangalia nondo ndo unaosafishika vizuri, kwa hiyo zungusha boksi.

Kuhusu stima, volti 12 ndani ya maji hazikuui, ila chaja yenyewe imechomekwa ukutani na huko ndo kuna hatari, iweke juu ya stuli mbali na maji na uchomoe ukutani kila unapotaka kuingiza mkono. Vile vipovu ni hidrojeni, ni gesi inayolipuka, kwa hiyo fanya nje, sio ndani ya nyumba wala gereji iliyofungwa, na asivute mtu sigara karibu. Usitumie chumvi ya jikoni badala ya magadi, inatoa gesi ya klorini ambayo inachoma mapafu. Na usitumie kijiko au bomba la stenlesi badala ya nondo hata kama unaambiwa halichakai, stenlesi ina kromiamu na ikiliwa kwenye maji hayo inaweza kutoa sumu ya kusababisha saratani, hayo maji hutajua pa kuyamwaga. Kama boksi lina komeo za aluminiamu zitoe kwanza, magadi inazila.

Likitoka litakuwa na utando mweusi, sugua kwa brashi na maji, likaushe na upake praima siku hiyo hiyo. Msomaji wa Tanga hii isikuvutie, ukiliingiza la mzee kwenye hilo beseni rangi yake yote inatoka.

SWALI: Nimeloweka boksi langu kwenye siki usiku mzima, asubuhi chuma kilikuwa kijivu safi nikafurahi, nikaliosha nikaliacha likauke, jioni limegeuka rangi ya chungwa lote. Siki imenidanganya?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Siki imefanya kazi yake dada au kaka, shida ni kilichofuata. Asidi imekiacha chuma uchi kabisa, na ikabaki kidogo kwenye vinyweleo na mikunjo, alafu ukaliacha na maji kwenye hewa ya Mombasa. Chuma uchi, unyevu, chumvi ya bahari, hapo kutu inaanza ndani ya dakika.

Rudia, ila safari hii andaa kila kitu kabla ya kulitoa. Ukilitoa kwenye siki lichovye kwenye maji yenye magadi yaue asidi iliyobaki, suuza kwa maji ya moto maana chuma kikiwa cha moto kinajikausha chenyewe, futa, puliza mikunjo kwa pampu ya kujazia tairi kama unayo, na lingali na joto paka mafuta au praima. Usiende hata kunywa chai katikati. Ile chungwa iliyorudi ni nyembamba, inatoka kwa stilwaya huhitaji tena kuloweka usiku kucha, na kuloweka sana kunaanza kula chuma chenyewe.

Siki ya dukani ina asidi kama asilimia 5 hivi, unga wa asidi ya sitriki gramu 50 mpaka 100 kwa lita moja ya maji unafanya kazi haraka zaidi na hauna ile harufu. Soda nyeusi nayo inatoa kutu kidogo kwa kuwa ina asidi ya fosfori ila inakuachia sukari inayonata, hela yako nunua sitriki. Na siki isikutane na Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, hata kwa bahati mbaya, inatoka gesi ya sumu. Kama boksi lina rangi ya zamani usiliweke kwenye siki kabisa, asidi inaweza kuitoa ile risasi niliyoisema hapo juu ikaingia kwenye maji unayoshika kwa mikono.

SWALI: Mimi ni fundi pikipiki, boksi langu la kazi limetoboka chini sehemu mbili na rangi imechoka. Silihitaji kwa kumbukumbu, nataka linifanyie kazi. Nichomelee nipake rangi, au ninunue la plastiki?
Msomaji, Morogoro

JIBU: La plastiki kwa spana za pikipiki na nyundo bawaba zake hazitakaa, baki na hilo. Ila kuchomelea bati jembamba lililoliwa na kutu ni kujitafutia matundu zaidi, welding ya kawaida inalitoboa pembeni ya kila unapogusa. Kata bati geji 18 linalofunika sakafu nzima, sio viraka viwili vidogo, toa kutu, paka redoksaidi pande zote mbili za bati na sakafu ya zamani, laza bati likiwa na praima mbichi na uligonge ribiti za milimita 4 kuzunguka. Maji hayataingia katikati. Kama bati ulilopata ni la kuezekea au lina mng'ao wa zinki, ndo kabisa usilichomelee, moshi wa zinki unakuletea homa na baridi usiku kama una malaria.

Rangi paka bila wasiwasi, boksi lako ni la kazi na hakuna kitu cha kuhifadhi pale. Futa kwa thina, redoksaidi mkono mmoja, kesho yake rangi ya mafuta mikono miwili myembamba. Bawaba na komeo zifunge kwa selotepu zisipate rangi, na kifuniko kiache wazi siku kadhaa hata kama rangi ukiigusa inaonekana imekauka, ukikifunga mapema kinashika na siku ya kukifungua rangi inabanduka yote ukingoni, kutu inaanzia hapo hapo tena.